Kupima mavuno ya korosho kipande kwa kipande: mizani, simu au setilaiti?

Mkorosho_Newala
Wakuu, habari za kazi. Mashine za kuvunia pamba kule Marekani zina kipimo cha mavuno: taa ndogo zinamulika ndani ya bomba, na kadiri pamba inayopita inavyoziba mwanga ndivyo uzito unavyokadiriwa. Ukiongeza GPS unapata ramani ya shamba, wapi pamezaa na wapi hapakuzaa. Huku Kusini mwa Tanzania pamba imezuiwa kwa ajili ya funza mwekundu, mdudu anayeshambulia pamba, na korosho tunaokota kwa mkono. Lakini ramani ya namna hiyo naitaka sana kwa mikorosho yangu. Nianze na nini?

Masasi_Shambani
Mizani, mkuu. Gawa shamba vipande vya mikorosho 20 hivi, kila kipande na namba yake, na gunia liandikwe namba hiyo. Pima korosho zikishaanikwa, la sivyo kipande kilichookotwa baada ya mvua kitakudanganya. Stakabadhi ya ghalani, ile karatasi unayopewa ukipeleka korosho ghala kuu, inakupa jumla tu, haisemi mzigo ulitoka upande gani. Hata hao wa pamba hupima shehena kwenye mizani ili kusahihisha mashine, maana vumbi likiganda kwenye taa namba zinapotoka.

Kijana_Tandahimba
Setilaiti msiidharau. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni bure na zinapatikana kila baada ya siku 5 hivi. Nukta moja ya picha ni mita 10. Kwa mikorosho ya nafasi ya mita 12 kwa 12 unakaribia mti mmoja mmoja.

Masasi_Shambani
Unaona majani, mdogo wangu, huoni korosho. Mti unabaki kijani kabisa huku ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, umeshamaliza maua. Na mashamba mengi ya urithi hayana hizo mita 12: matawi yameshikana, chini kuna mihogo na nyasi. Picha inachanganya vyote.

Nachingwea_Mpya
Simu naitumia kuchora mipaka ya vipande, basi. GPS yake huyumba mita kadhaa, kwa hiyo mti mmoja mmoja usiuamini. Namba piga kwa rangi kwenye shina. Faida ya kupima niliipata kwenye salfa, dawa ya ubwiriunga. Kipande kimoja kilikuwa nyuma kila msimu na mimi nazidisha dawa, kumbe miti ni mizee. Tumeikata na kubebesha vikonyo, yaani kuunganisha vichipukizi, vya mbegu bora za Naliendele, kituo cha utafiti kule Mtwara. Bila daftari la uzito nisingejua pa kukata.

Mkorosho_Newala
Nimewaelewa, nachukua mizani na rangi. Setilaiti nitaitazama baadaye, nikishakuwa na uzito wa kulinganisha nao. Sasa waokotaji: mnawazuiaje wasichanganye vipande?

Nachingwea_Mpya
Usifungue kipande cha pili kabla cha kwanza hakijaokotwa chote. Na pesa yao walipe hapohapo kipande kinapoisha, magunia yakishaandikwa namba.