Kiambishi "a-" cha Kisanskriti na Kipali: naombeni ushauri kabla kijitabu hakijaenda kuchapwa

Dada Mshumaa:
Habari za jioni wanajamvi. Kikundi chetu cha kutafakari kimenipa kazi ya kuandaa kijitabu cha Kiswahili chenye maneno ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, tunayoyasikia kila wiki. Mwalimu wetu wa mwanzo alitufundisha kwamba neno likianza na "a", hapo pana ukanushi. Avijjā ni kutojua, ahiṃsā ni kutodhuru, amata ni kisichokufa. Nilikwenda vizuri mpaka nikafika kwa Ananda, mhudumu wa Buddha. Kwa kanuni ile angekuwa "asiye na furaha", na kumbe jina lake lenyewe maana yake ni furaha! Halafu anattā nimeiandika "kutokuwa na nafsi", mwenzangu akanirudishia rasimu akisema nimepotosha. Mchapaji anaitaka Ijumaa. Nifanyeje?

Mpenda Kamusi:
Pole dada, kanuni uliyopewa ni nusu tu. Kiambishi cha ukanushi ni "a" fupi, na kikikutana na irabu kinakuwa "an-". Ndiyo maana katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, vidyā (ujuzi) inazaa avidyā (ndiyo avijjā yako ya Kipali), lakini anta (mwisho) inazaa ananta, kisicho na mwisho. Jina la yule mhudumu linaanza na "a" ndefu, Ānanda, na hicho ni kiambishi kingine kabisa. Kwa hiyo usiziache zile alama za irabu ndefu kijitabuni, ndizo zinazobeba maana. Jihadhari pia na anussati. Inaonekana kama "an-", kumbe ni anu + sati, kukumbuka tena na tena.

Baharia wa Lugha:
Asili ya kiambishi hiki cha ukanushi ni ya kale kuliko Kisanskriti chenyewe. Katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya ilikuwa sauti ya "n" iliyosimama peke yake kama silabi. Kwa Wagiriki ikawa a-/an-, kwa Walatini in-, kwa Waingereza un-. Neno letu atomu limetoka Kigiriki, kitu kisichokatika, na hiyo "a" yake ni ndugu wa damu wa "a" ya ahiṃsā.

Hata wenye lugha waliwahi kuteleza. Asura katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za India, ni bwana mwenye nguvu, hata mungu Varuna anaitwa hivyo, na kule Iran neno hilohilo ni Ahura wa Ahura Mazda, mungu mkuu wa Wazoroasta. Baadaye watu wakaisikia "a" kama ukanushi, wakaikata, wakapata neno jipya "sura" lenye maana ya mungu, na asura akabaki kuwa adui wa miungu. Mimi hilo hunisisimua kila nikilikumbuka.

Mwanafunzi wa Isipatana:
Nijibu la anattā, maana ndilo zito. Kipali kinasema "rūpaṃ anattā" na kisarufi unaweza kusoma "umbo halina nafsi" au "umbo si nafsi". Kiswahili hakikuruhusu kukaa katikati, lazima uchague. Tazama hotuba ambayo Buddha aliwapa wanafunzi wake wa kwanza, wale watawa watano, pale Isipatana, karibu na Varanasi. Kwa kila kitu, umbo, hisia, mpaka utambuzi, anarudia: hiki si changu, mimi si hiki, hiki si nafsi yangu. Hapo anakanusha kimoja kimoja. Mwenzako yuko sahihi: andika "si nafsi".

Dada Mshumaa:
Nimeelewa, nashukuruni sana. Na ahiṃsā? "Kutodhuru" naona inapwaya, kana kwamba mtu amekaa tu bila kufanya kitu.

Mpenda Kamusi:
Umeona vyema. Wanasarufi wa Kihindi walihesabu maana 6 za kiambishi hiki, na kukosekana kwa kitu ni moja tu. Kuna kinyume: adharma ni uovu wenyewe, si pengo la dharma (uadilifu) tu. Amitra, neno kwa neno "asiye rafiki", ni adui. Kuna hata uchache: anudarā, "msichana asiye na tumbo", ni mwenye kiuno chembamba. Kwa ahiṃsā ningeacha "kutodhuru", kisha sentensi moja chini yake: kujizuia kwa makusudi, kwa tendo, neno na wazo.

Dada Mshumaa:
Basi anattā inakuwa "si nafsi", na ahiṃsā inapata sentensi yake. Usiku huu napitia kila "a" upya, nikianza na zile ndefu.