Paa la kuficha Tanga: mabomba mawili ya inchi 3 yanatosha?

mama_chumbageni
Wakuu, habari. Najenga Tanga, nyumba ya mita 14 kwa 10, paa la kuficha. Bati lote linalalia upande mmoja, maji yanaishia kwenye mfereji wa zege nyuma ya ukuta. Fundi anataka kuweka matundu mawili ya bomba la inchi 3. Nikimuuliza kapimaje, anasema Tanga mvua inazidi milimita 1,000, ila "ni za mwaka mzima hizo". Masika nitalala kweli?

fundi_bomba
Dada, hesabu ya mwaka mwachie mkulima. Mfereji unapimwa kwa zile dakika chache mvua inapomwaga kwelikweli. Kwa pwani mimi sishuki chini ya milimita 150 kwa saa. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo 140 × 150 ÷ 3,600: lita 5.8 kila sekunde.

Na kinachobana ni mdomo wa bomba, bomba lenyewe halina neno. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya mdomo wa inchi 3, zinaingia lita 2.6 hivi kwa sekunde. Mawili hayafiki, na hapo hujaweka chujio, ambalo hula karibu nusu. Wa inchi 4 unameza kama lita 4.7. Weka matatu ya inchi 4, yote na chujio. La plastiki, maana la chuma chumvi italimaliza.

likoni_kwetu
Jirani ana mwarobaini? Hapa kwetu majani yake huziba chujio kabla mvua haijakolea.

fundi_bomba
Umenena. Matatu yenye chujio yanameza lita 7, likiziba moja zinabaki 4.7. Ndiyo maana lazima tundu la dharura: unatoboa ukuta wa nje, kitako chake kikae juu ya kina cha maji ya kawaida lakini chini ya ncha ya bati. Bila hilo, maji yanapanda, yanapita chini ya bati, unayapokea kwenye jipsamu.

mama_chumbageni
Asante kaka. Nimemwambia, anasema litaharibu sura ya nyumba.

fundi_bomba
Si mfereji uko nyuma? Nani anapiga picha huko! Mwambie alitoboe kabla hajapiga plasta. Akishamaliza atakudai upya.