Re: Pensheni ya mjane: mahakama imeiruka hoja yetu kuu

Shikamooni wakubwa zangu wa Kusini, na wenzangu habari zenu.

Mama yangu mdogo yuko Lindi. Mumewe alifanya kazi Hamburg miaka mingi. Walioana, na kabla mwaka haujatimia akafariki kwa ajali ya gari pale Mingoyo alipokuwa likizo. Pensheni ya mjane amenyimwa, eti ndoa ilikuwa fupi. Tukafungua kesi, tukapeleka na ripoti ya trafiki. Hukumu imetoka: kurasa nzima za tarehe ya ndoa, ajali haikutajwa hata mstari mmoja. Tufanyeje?

Binti wa Lindi, Bremen

---

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Msikubali yaishie hapo. Sheria ya Ujerumani hudhania kwamba ndoa isiyofikisha mwaka ilifungwa kwa ajili ya pensheni. Lakini dhana hiyo huvunjika, na kifo cha ghafla kwa ajali ni katika hoja nzito kabisa za kuivunja, maana hakuna anayeoa akijua kuna gari litakalomgonga. Kesi yenu yote imesimama hapo.

Jaji halazimiki kujibu kila sentensi mliyoandika. Anaweza hata kuikataa hoja yenu, mradi aseme kwa nini. Asichoruhusiwa ni kuiruka. Ibara ya 103 ya katiba yao inampa kila mtu haki ya kusikilizwa mahakamani, na kusikilizwa si karatasi zako kupokelewa na kuwekwa kwenye faili. Sababu za hukumu lazima zionyeshe kwamba kiini cha hoja kimepimwa.

Sasa kateni rufaa Landessozialgericht, yaani mahakama ya rufaa ya jimbo kwa kesi za hifadhi ya jamii. Muda umeandikwa mwishoni mwa hukumu: mwezi mmoja ikiwa imefikishwa ndani ya Ujerumani, hata kwa wakili wenu, miezi mitatu ikimfikia mama huko Lindi. Bahasha yenye muhuri wa posta msiitupe.

Wengi hukosea kwa kuishia kulalamika kwamba jaji hakusoma. Mahakama hiyo ya rufaa huangalia ushahidi na sheria upya, kwa hiyo ajali iwekeni ukurasa wa kwanza, pamoja na ripoti ya trafiki na cheti cha kifo cha RITA, vyote vimetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Tajeni pia tarehe mliyoipeleka hoja hiyo mara ya kwanza. Mkija kufika Bundessozialgericht, mahakama ya juu kabisa ya kesi hizo, kule Kassel, mtatakiwa kuonyesha hoja gani ilirukwa, iko wapi kwenye faili, na ingebadilishaje hukumu. Huko mwakilishi wa kisheria ni lazima.

Mjane halipi ada ya mahakama. Wakili ndiye gharama, ila VdK, chama cha kutetea haki za hifadhi ya jamii, huwatetea wanachama wake kwa bei nafuu.

Mzee wa Mikindani, Hamburg

---

Shikamoo mzee. Dada, naongeza dogo: barua pepe ya kawaida haihesabiki kuwa rufaa. Mama aandike, asaini, iende kwa posta au faksi. Faksi ninayo kazini, na Ijumaa niko zamu ya asubuhi. Nitumie iliyosainiwa, nitaituma na kukupa risiti yake.

Mwana wa Masasi, Köln