Mtafiti akienda Nunavut, aombe ruhusa kwa nani?

Kasa Mzee: Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kule Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye serikali yake ya ndani, tafiti nyingi hazianzi mpaka upate leseni ya taasisi ya utafiti iliyoko Iqaluit, na maombi yako yanapelekwa kwanza vijijini unakotaka kwenda. Tangu 2018 umoja wa Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, uitwao ITK, una mkakati wake: wao waamue kipi kitafitiwe na data ikae mikononi mwao. Mimi naona sawa kabisa. Nyie je?

Darubini: Kisiasa sawa, kisayansi hapana. Barafu inayeyuka, haisubiri kikao cha kijiji. Mwindaji awinde, kuhesabu wanyama tuwaachie waliosomea.

Bint Shangani: Hapo pa kuhesabu umejichongea. 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiat wa Alaska, ndugu wa Wainuit, kuwinda nyangumi wa bowhead, eti nyangumi hao wamebaki mia kadhaa, wakizidi sana elfu mbili. Wawindaji wakasema: hamwaoni kwa sababu wengine wanapita chini ya barafu. Wanasayansi wakaja kutumbukiza vinasa sauti majini, kumbe kweli. Hesabu ya 2001 ikafika kama elfu kumi. Nani hakujua kuhesabu?

Darubini: Vinasa sauti alivitengeneza mwindaji?

Bint Shangani: Na pa kuvitumbukiza ulionyesha wewe?

Msafiri wa Edmonton: Mnagombania nyangumi, hoja ni pesa. Mimi nimefanya kazi huko kaskazini. Takriban asilimia 90 ya bajeti ya Nunavut inatoka Ottawa, serikali kuu ya Kanada. Unalishwa halafu unasema unajitawala?

Kasa Mzee: Taratibu mkuu. Kwenye mkataba wa 1993 na Kanada, Wainuit waliachia madai yao juu ya eneo zima, wakabaki na kilomita za mraba kama 350,000, na madini ya chini ni yao katika sehemu kama moja ya kumi tu ya hizo. Fidia bilioni moja na ushee ya dola, kwa miaka 14. Ardhi iliyobaki bado iko chini ya Ottawa. Makubaliano ya kuikabidhi kwa Nunavut yamesainiwa Januari 2024, makabidhiano yenyewe Aprili 2027. Sasa nani anamlisha nani?

Msafiri wa Edmonton: Hesabu za mezani hizo. Kanunue maziwa Iqaluit uone bei, ndiyo urudi tuongee.

Nyumba Kumi: Huruma yote Kanada! Hapa kwetu Tanzania Mhadzabe, mwindaji wa kando ya ziwa Eyasi, kachunguzwa hadi kinyesi ili dunia ijue bakteria wa tumboni mwake. Kibali cha mtafiti wa nje kinatoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya serikali, Dar.

Mwanakwetu: Msituletee ukabila. Tanzania sote wenyeji. Mgogo ni mgeni? Leo leseni ya Wahadzabe, kesho kila ukoo na leseni yake.

Nyumba Kumi: Kenya nayo ilikana hivyo hivyo kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau. 2017 Mahakama ya Afrika ikasema ni watu wa asili na haki zao zimevunjwa. Na mahakama iko Arusha, usiseme ya Wazungu.

Mwanakwetu: Mahakama ambayo 2019 Tanzania tulifuta ruhusa ya raia kuishtaki serikali huko moja kwa moja? Endelea.

Nyumba Kumi: Na hilo unalitambia?

Bint Shangani: Jamani, Nunavut yenyewe si serikali ya kabila. Raia yeyote wa Kanada anayeishi pale anapiga kura, hata Mpemba akipata uraia. Bunge halina vyama. Basi tu Wainuit ni wengi, kama 85 kwa mia.

Mwanakwetu: Mpemba kaingiaje hapa? Mmeanza.

Darubini: Swali langu mmelikwepa. Kijiji kikikataa, utafiti ufe?

Msafiri wa Edmonton: Aulizwe anayelipa.

Bint Shangani: Huyo anayelipa ndiye aliyewatoa Wainuit Inukjuak 1953 akawabwaga Resolute na Grise Fiord, baridi wasiyoizoea na usiku wa miezi. Radhi akaja kuomba 2010. Darubini, utafiti ufe, ndiyo. Kuna vijiji 25, nenda kingine ukaombe vizuri.

Darubini: Barafu ya kijiji kingine si barafu ile, dada.

Nyumba Kumi: Mwanakwetu, Eyasi umewahi kufika?

Mwanakwetu: Nimefika Karatu.

Nyumba Kumi: Karatu!