Mtoto wa miaka 6 mwenye masikio yaliyotoka nje: operesheni hufanywa vipi?

Mama Wete ameuliza:

Assalaamu alaykum. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 6. Masikio yake yamesimama mbali na kichwa tangu alipozaliwa, na akivaa kofia ya kwenda chuoni huzidi kuonekana, hata wenzake wamempa jina la popo. Bibi yake hunituliza kwa kusema kwamba sikio halipiti kichwa, na kwa mwaka mzima amekuwa akimfunga kitambaa kila usiku bila ya mabadiliko yoyote. Kabla sijapanda boti kwenda Unguja kutafuta ushauri, naomba anayejua anieleze madaktari hukata nini hasa, kama kusikia kwake kutaathirika, na kama umri huu unafaa.

Mpasuaji Mstaafu amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, Mama Wete. Nianze na kitambaa cha bibi, kwa sababu wazo lake si baya, ila limechelewa. Katika wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, homoni za mama zilizobaki katika damu ya mtoto hulifanya gegedu la sikio, yaani ile tishu ngumu kiasi iliyo chini ya ngozi na inayolipa sikio umbo, liwe laini, na ndipo kulishikilia kwa kifaa laini na plasta kunapoweza kulipa umbo la kudumu bila ya kisu. Homoni hizo zikishaondoka gegedu hukaza, na kitambaa hakina tena la kufanya.

Sikio hutoka nje kwa sababu mbili kubwa, na mara nyingi zote mbili hukutana katika sikio moja. Ya kwanza ni kukosekana kwa mkunjo unaopanda ndani, sambamba na ukingo wa sikio. Ya pili ni bakuli la sikio, yaani pale panapozunguka tundu, kuwa na kina kirefu mno hata likalisukuma sikio lote. Mkunjo ukikosekana, daktari huchana ngozi ya nyuma ya sikio, akapitisha nyuzi za kudumu katika gegedu na kuzikaza mpaka mkunjo uumbike, njia aliyoieleza mpasuaji Mustardé mwaka 1963. Bakuli likiwa ndilo tatizo, hushonwa kwenye utando wa mfupa ulio nyuma ya sikio, kama alivyoeleza mpasuaji mwengine, Furnas, mwaka 1968, au hupunguzwa kipande. Pengine gegedu huwa gumu kiasi kwamba nyuzi peke yake hazitoshi. Hapo hukwaruzwa upande wa mbele, kwani gegedu hujipinda kuukimbia upande uliokwaruzwa, jambo walilolionyesha Gibson na Davis mwaka 1958. Mimi kwa watoto nikipendelea nyuzi, kwa kuwa gegedu lao bado ni jepesi kukunjika, ilhali gegedu lililokatwa vibaya huacha kingo kali zisizofichika.

Tundu na ngoma ya sikio haviguswi, kwa hivyo kusikia hakubadiliki. Umri wa miaka 5 hadi 7 hupendelewa kwa sababu sikio limeshakaribia ukubwa wake wa utu uzima. Mtoto wa umri huo hupewa nusu kaputi. Akilalamika maumivu makali ya upande mmoja katika siku za mwanzo, arudishwe hospitali mara moja, kwani huenda damu imejikusanya chini ya ngozi nayo huweza kuliharibu gegedu.

Nami nakuuliza mawili. Ukiusukuma ukingo wa sikio nyuma polepole kwa kidole, mkunjo unajitokeza? Na katika ukoo wenu, yupo mtu ambaye kovu lake huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe? Ngozi nyeusi huelekea zaidi makovu hayo, na sikio ni miongoni mwa sehemu yanapopenda kuota.

Kijana wa Mkoani amejibu:

Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 24, kwa ganzi tu, nikimsikia daktari akivuta nyuzi ijapokuwa sikuhisi uchungu. Bandeji ilikaa wiki moja, kisha nikaambiwa nilale na utepe wa kichwani kwa wiki sita. Niliuacha baada ya wiki mbili kwa sababu ya joto la kaskazi, na sikio la kushoto likarudi nje kidogo. Kosa lilikuwa langu. Ukiweza, dada yangu, omba siku ya kipupwe.

Mama Wete amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimemkalisha barazani nikamjaribu kwa kidole: sikio la kulia mkunjo umejitokeza papo hapo, la kushoto limebaki limeinuka kuanzia kwenye bakuli, kwa hivyo huenda kila moja likahitaji njia yake. Suali la pili ndilo lililonishitua. Bibi yake huyo huyo wa kitambaa ana uvimbe sikioni tangu alipotogwa akiwa msichana, nasi siku zote tukidhani kwamba hereni haikuwa ya dhahabu safi. Tutasafiri naye, ili daktari auone mwenyewe kabla hajashika kisu.