Shahada ya usimamizi wa biashara: kazi zipi Uganda?

Swali: Nina alama mbili kuu za UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita. Nichague BBA (shahada ya usimamizi wa biashara) au BCom (shahada ya biashara)? Naogopa kumaliza miaka mitatu bila kazi.

Jibu: Mdogo wangu, BBA inagusa kila kitu juujuu: masoko, fedha, wafanyakazi. BCom huzama kwenye hesabu. Ukitaka uhasibu, chukua BCom kisha mitihani ya CPA, ya uhasibu wa kitaalamu, inayotolewa na ICPAU, taasisi ya wahasibu Uganda. Wenye BBA hukwama kwa sababu waajiri hutangaza nafasi mahususi, kama afisa mikopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) au afisa ununuzi, nao wana cheti cha jumla tu. Chagua mkondo mapema, na mafunzo kazini uyafanye hukohuko, si kwa mjomba.

Jibu: Naongezea: jifunze kuandaa mishahara. Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni 15% ya mshahara: mfanyakazi 5, mwajiri 10, na hulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Waajiri wengine hukata zote 15 kwa mfanyakazi. Hilo ni kosa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni 18%. Anayeyajua haya pamoja na Excel, hata duka la jumla la Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, litamhitaji.

Muulizaji: Asante, wakubwa. BCom basi.