with ya sqlite3 (maktaba ya Python ya kuhifadhi data kwenye faili) HAIFUNGI faili, nani aliona hii ni sawa??

Wakuu nina hasira hapa hata usingizi sina. Kuna mama ana duka la dawa nimemtengenezea programu ya mauzo kwa Python, kila saa 3 usiku inanakili data kwenda faili jingine la sqlite, inalibana kuwa zip halafu inalifuta. Kwenye laptop yangu ya Linux nimeijaribu wiki 2, safi kabisa. Nimeiweka dukani kwenye Windows, siku ya kwanza tu PermissionError, WinError 32, eti faili linatumiwa na programu nyingine. Programu gani?! Nikazima antivirus, nikarestati mashine mara 3, mama wa watu kasimama mlangoni na kufuli mkononi ananisubiri mimi.

Kumbe aliyelishikilia ni hii hii programu. Nimeandika hivi:

with sqlite3.connect(njia) as kon:

Sote tumefundishwa with ukitoka tu kwenye bloku inafunga yenyewe, ndio maana iliingia Python 2.5 mwaka 2006, ili tusihangaike na try na finally kila mahali. open() inafunga vizuri. Hii ya sqlite3 ukitoka salama inakomiti, yaani inahifadhi mabadiliko, ero ikitokea inayarudisha nyuma, basi, konekisheni ya kwenye faili inabaki wazi muda wote ambao kon bado ipo ndani ya fankisheni! Zote mbili zinakuja na Python yenyewe, neno lile lile, tabia tofauti. Na Linux inakuacha ufute faili lililo wazi kwa hiyo kwangu isingeonekana hata mwaka mzima.

Msije kuniambia "soma nyaraka", nimezisoma, imeandikwa kweli. Lakini kitu kikishakuwa na maana moja kichwani mwa watu wote huwezi kukigeuza halafu ukaandika chini huko. Java tangu toleo la 7 mwaka 2011 ukifungulia Connection kwenye try inafungwa, kwisha. Python 3.13 ndio wameleta onyo la ResourceWarning ukiacha konekisheni bila kuifunga, nalo limezimwa mpaka uliwashe mwenyewe, sasa onyo gani hilo lisiloonekana??

Dawa yake:

with closing(sqlite3.connect(njia)) as kon:
    with kon:

closing iko kwenye contextlib. Ya nje inafunga, ya ndani inakomiti, ukisahau ya ndani data haihifadhiwi. With mbili kwa kazi ya moja! Wenye programu kwa wateja wa Windows kaangalieni kodi zenu leo leo, mimi asubuhi narudi dukani.